Unalipwa shilingi ngapi?

Kimya kilikuwa kirefu, si mnajua tena, UE zilitubana kweli kweli. Sasa mitihani imekwisha, na bumu lilikwisha kabla yake, kwa hiyo naandika huku nakunywa chai ya rangi. Leo nataka kujibu swali ambalo nimeulizwa na karibu kila mtu pale hosteli: "Wewe kila Jumamosi unaenda kufundisha watoto mpira na wale wazungu, unalipwa shilingi ngapi?"

Jibu fupi ni nauli ya daladala na maji ya kunywa. Jibu refu ndo hili, kaeni mkao wa kusoma.

Mradi wenyewe siutaji jina kwa sababu nina maneno ya kusema juu yake. Ni moja ya ile miradi ya michezo ya mijini: uwanja wa vumbi katikati ya nyumba, watoto wa miaka tisa hadi kumi na nne, mpira wa miguu na mpira wa pete, na kabla ya mchezo mnakaa duara mnazungumza juu ya usafi, afya, shule, au mambo ya nyumbani. Tunaoendesha ni vijana wa hapa hapa Dar pamoja na vijana wa Ujerumani wanaokuja kujitolea kwa mwaka mmoja mmoja.

Wengi wanadhani mambo haya yalibuniwa Ulaya yakaletwa kwenye sanduku. Kumbe mfano ambao wengi wanauiga upo jirani tu, Nairobi. Mwaka 1987 kule Mathare, moja ya mitaa ya mabanda mikubwa ya Kenya, ilianzishwa MYSA, yaani chama cha michezo cha vijana wa Mathare. Mwanzilishi, Bob Munro, ni Mkanada, ndiyo, lakini kilichoifanya iwe kubwa ni watoto na vijana wa Mathare wenyewe. Walikuwa wanacheza chandimu kwa mpira wa makaratasi katikati ya takataka. Basi ligi ikaunganishwa na usafi: timu ikisafisha mtaa inapata pointi kwenye msimamo wa ligi. Na si pointi za kubembelezea. Kazi ya usafi ikikamilika ni pointi sita, wakati ushindi uwanjani ni tatu! Fikirieni Simba au Yanga wangewekewa sheria hiyo, Kariakoo ingekuwa inang'aa kila wiki.

Mwaka 1990 walianza kupeleka timu Norway Cup, mashindano makubwa ya vijana yanayochezwa Oslo. Mwaka 1992 wasichana wakaingizwa kwenye soka, na mwaka huo huo wakapata tuzo ya mazingira ya Umoja wa Mataifa, ile ya Global 500. Mwaka 1994 ikaundwa timu ya Mathare United, na mwaka 2008 ikawa bingwa wa ligi kuu ya Kenya.

Lakini mimi kama mwanafunzi wa ualimu kinachonivuta zaidi si makombe. Ni kwamba ligi ziliendeshwa na vijana wenyewe. Kijana anachezesha, anapanga ratiba, anafundisha wadogo zake, na kwa kazi hiyo anakusanya pointi. Wenye pointi nyingi wanalipiwa ada, na ada inakwenda moja kwa moja shuleni. Kwa hiyo swali la "unalipwa shilingi ngapi" walishalijibu zamani. Hakuna posho ya bahasha, lakini jasho lako linahesabiwa, linaandikwa na linakufikisha mahali.

Hapa ndo nilipoielewa Elimu ya Kujitegemea. Ile ya Mwalimu Nyerere ya 1967 tunaikariri kwa ajili ya mtihani, tunaandika hoja tano, tunasahau. Mwalimu alitaka shule iwe jamii inayofanya kazi na kujifunza kwa wakati mmoja. Mtoto wa miaka kumi na tatu anayewapanga wenzake wanane, anatunza koni na fulana za mazoezi, kisha anasuluhisha ugomvi wa "ilitoka nje, haikutoka", huyo anaishi hoja zote tano bila kuzikariri.

Sasa tuje kwenye hilo neno "kimataifa". Norway walikuwa na shirika lao la kujitolea toka 1963, Fredskorpset, ambalo kwa miaka mingi lilikuwa la kuwaleta Wanorwe huku. Mwaka 2000 likapangwa upya, safari zikawa za kubadilishana: wao waje, sisi twende. Toka 2018 linaitwa Norec. Ujerumani nao wana mpango wa weltwärts ulioanza 2008 kwa vijana wa miaka 18 hadi 28. Ulianza kwa kuwaleta wao huku, na njia ya vijana wa huku kwenda kule ikafunguliwa 2013. Hesabuni wenyewe nani alianza kupanda ndege.

Simsemi vibaya mtu. Dada mmoja wa Kijerumani niliyefanya naye kazi alikuja akiwa na miaka kumi na tisa, akala dagaa, akajifunza kusema "oya, rudi golini!" kwa lafudhi ya Manzese. Watoto walimwita anti na walimpenda. Ila mwaka ukiisha, anti anaondoka. Wiki ya kwanza baada ya yeye kuondoka watoto walikuja nusu tu. Kitoto kimoja kikaniuliza, "Mwalimu, na wewe unaondoka lini?" Nikamwambia mimi nakaa hapa hapa. Akaniangalia kwanza, halafu akaenda kuchukua koni.

Kuna jambo jingine ambalo mtu wa kuja hawezi kuliona haraka. Mazoezi ya wasichana yalipangwa saa tatu asubuhi, ratiba ilishuka na mradi kutoka juu. Wasichana wakawa wanapungua kila wiki, na kwenye ripoti ikaandikwa kwamba wasichana hawana mwamko. Tulikuwa na golikipa mmoja mzuri sana wa miaka kumi na mbili, naye akapotea. Nikaenda kwao. Mama yake ni mama ntilie.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwalimu, karibu. Najua umemfuata mwanao."

"Ndiyo mama. Golini hatuna mtu."

"Sasa saa tatu nani atanimenyea viazi? Wateja wangu wanaanza kuja saa sita. Mpira siukatai. Saa kumi mchukueni, akirudi kabla ya giza sina neno."

Basi. Hiyo ndo "mwamko" yenyewe. Tulibishana vikao viwili hadi ratiba ikahamia saa kumi jioni, na wasichana wakarudi, golikipa akiwa wa kwanza. Hakuna aliyehitaji semina. Ilihitajika mtu anayejua kwamba Jumamosi asubuhi mtoto wa kike uswahilini yupo jikoni, na anayejua kwamba kwa mama ukianza na shikamoo utasikilizwa.

Na hapa ndo penye dukuduku langu. Mwenzangu wa Ulaya akimaliza mwaka anaondoka na cheti, alikuwa na bima, alikuwa na posho ya kuishi, na kwao mwaka ule unahesabika kama uzoefu. Mimi na wenzangu tulipewa fulana. Nilipoomba barua inayoeleza nimefanya kazi gani na kwa muda gani, niliambiwa barua ni za "wanaojitolea rasmi". Sasa sisi ni wanaojitolea wa magendo?

Msiione ndogo hiyo jamani. Sisi tunaosoma ualimu tunajua kinachotusubiri. Kaka na dada zetu waliohitimu wapo mtaani wanasubiri ajira, wengine wanafundisha shuleni kwa kujitolea mwaka wa kwanza, wa pili, bila kujua mwisho wake. Hilo neno zuri, kujitolea, tulilolikuta kwa wazee waliochimba misingi ya madarasa na kuponda kokoto kwa ajili ya kijiji chao, linaweza kugeuka jina la kupata kazi ya bure. Kwa hiyo mimi sasa hivi nauliza mambo manne kabla ya kushika filimbi: nauli ipo? Barua yenye saa zangu itatoka? Kwenye kikao cha ratiba nimo? Na mgeni akiondoka, nani anaachiwa funguo za stoo? Ikiwa majibu ni ya kuzungukazunguka, bora nikachezeshe chandimu ya mtaani kwetu, angalau najua mwenye mpira.

Kwa nini basi bado naenda? Kwa sababu barua tumeipigania na mwezi uliopita wenyeji wote sita tumepata, ina saa zetu na mhuri. Kwa sababu stoo ina funguo mbili sasa, moja ninayo mimi. Na kwa sababu nimejifunza kutuliza watoto arobaini kwa filimbi moja, kitu ambacho sikukipata kwenye muhadhara wowote. Nikienda field ya kufundisha mwakani, darasa la watoto themanini halitanitisha sana.

Basi wadau, wale mnaolala hadi saa saba Jumamosi, sasa mazoezi ni saa kumi, hamna kisingizio. Tunahitaji waamuzi wawili wa mechi za wasichana na mtu mmoja anayejua sheria za mpira wa pete vizuri, maana mimi za miguu kuzunguka bado nazibahatisha. Nauli inarudishwa, barua inatolewa. Mkitaka kuuliza, niulizeni hapa au pale kantini.

Tupo pamoja. Alamsiki.