Nalerigu, ambako daktari mgeni hupimwa akishaenda zake

Msomaji mpendwa, huenda nyumbani kwako yumo kijana aliyehitimu udaktari, au huenda wewe mwenyewe ndiwe daktari, na kila mhubiri anapogusia habari za Msamaria mwema, moyo wako hukusukuma uende mahali penye shida ukawatibu watu bila kudai malipo. Hilo ni wazo jema. Lakini kabla hujafunga mkoba, nakuomba tusafiri pamoja hadi Nalerigu, mji mdogo ulioko kaskazini mwa Ghana, tuone daktari wa kujitolea huhitajiwa kwa lipi na kazi yake hupimwa namna gani.

Ukitoka Nairobi kwa ndege, utatua Accra, mji mkuu ulio kando ya bahari. Itakubidi urudishe saa yako nyuma kwa saa tatu. Kutoka Accra hadi Tamale, mji mkubwa wa kaskazini, ni safari ya takriban kilomita 600 kwa barabara. Utapita Kumasi, nchi ya Waashanti, penye misitu na mashamba ya kakao. Baada ya Kintampo miti huanza kupungua, nawe utavuka daraja la Buipe juu ya mto Volta Nyeusi. Kufikia Tamale utahisi umeingia nchi nyingine kabisa. Misikiti imejaa, pikipiki zimetapakaa kila njia, na mibuyu imesimama mashambani kama walinzi wa zamani.

Kutoka Tamale endelea kaskazini hadi Walewale, kisha geuka kulia uelekee Gambaga. Kilomita chache mbele ya Gambaga ndipo ilipo Nalerigu. Hapo ndipo penye ikulu ya Nayiri, mfalme wa Wamamprusi, ambao ufalme wao huhesabiwa kuwa kaka mkubwa wa falme za Wadagomba, Wananumba na hata Wamossi walioko Burkina Faso. Mabaki ya ukuta wa kale wa Naa Jaringa yangali yaonekana, na wenyeji husimulia kwamba udongo wake ulikandwa kwa asali na maziwa. Mwaka wa 2019, Serikali ya Ghana ilipounda maeneo mapya ya utawala, Nalerigu ilifanywa makao makuu ya Eneo la Kaskazini Mashariki.

Usiogope kwamba utakufa njaa. Chakula cha huko huitwa tuo zaafi, nacho ni ndugu ya ugali wetu, husongwa kwa unga wa mahindi au mawele. Mboga yake ni ayoyo, ambayo mtu wa Kakamega au Busia akiionja atacheka na kusema, "Kumbe mrenda umefika hata huku!" Kanga hufugwa karibu kila mji, na kivuli cha mwarobaini hakikosekani. Salamu nazo ni nyingi, na mgeni hutakiwa kuzijibu kwa neno moja fupi, "Naa." Anayepita bila kusalimu huonekana hana adabu, hata awe na shahada ngapi.

Hospitali ya Baptist Medical Centre ilifunguliwa hapo mwaka wa 1958, mwaka mmoja tu baada ya Ghana kujipatia uhuru. Walioianzisha walikuwa wamishenari Wabaptisti kutoka Marekani, na daktari wake wa kwanza alikuwa George Faile. Baadaye mwanawe, aliyepewa jina lilo hilo, naye alifanya kazi ya upasuaji katika hospitali hiyo hiyo. Kwa miaka mingi madaktari wa kujitolea kutoka ng'ambo wamekuwa wakija, huyu kwa majuma mawili, yule kwa miezi mitatu, mwingine kwa miaka. Siku hizi hospitali imo mikononi mwa Wabaptisti wa Ghana wenyewe, nayo ni mmojawapo wa wanachama wa chama cha huduma za afya za Kikristo cha nchi hiyo, kilichoundwa mwaka wa 1967. Wagonjwa hutoka vijiji vya mbali, na wengine huvuka mpaka kutoka Togo na Burkina Faso.

Sasa tuseme umefika na umepewa koti jeupe. Asubuhi huanza kwa maombi ya wafanyakazi, halafu watu hutawanyika wadini. Nje, foleni imekwisha kujipanga tangu alfajiri. Chini ya miti wamekaa jamaa za wagonjwa, kila mmoja na sufuria yake na kuni zake, maana ndugu wa mgonjwa ndio hupika. Utatibu malaria, ngiri, uzazi uliokwama, na matumbo yaliyotobolewa na homa ya matumbo. Ulizoea kwamba daktari wa watoto ni wa watoto na wa upasuaji ni wa upasuaji? Huko mipaka hiyo huyeyuka kabla ya saa nne asubuhi.

Magonjwa ya Nalerigu hufuata kalenda ya mvua. Mvua ni ya msimu mmoja, kuanzia kama mwezi Mei hadi Oktoba. Wakati huo wodi ya watoto hujaa malaria, na wakulima huingia mashambani ambamo nyoka hujificha. Kuanzia Desemba huvuma harmattan, upepo mkavu wenye vumbi kutoka Sahara, na hapo ndipo hofu ya homa ya uti wa mgongo huja. Chanjo mpya dhidi ya aina moja ya homa hiyo, iliyofika Ghana mwaka wa 2012, imepunguza sana msiba huo, ingawa aina nyingine zingali zinaua.

Nitakueleza zaidi habari ya nyoka, kwa sababu ndani yake mna somo kubwa kwa anayetaka kujitolea. Katika nyika za Afrika Magharibi yupo nyoka mdogo wa jamii ya moma, ambaye sumu yake huizuia damu isigande. Mkulima aliyeumwa mguuni huja akitokwa na damu katika ufizi. Hakuna mashine ya bei ghali inayohitajika kumpima. Huchukuliwa damu kidogo, ikatiwa katika chupa safi na kavu ya kioo, ikaachwa imetulia kwa dakika 20, kisha chupa huinamishwa. Damu ikitiririka kama maji, mgonjwa anahitaji dawa ya kushinda sumu upesi. Usione haya iwapo muuguzi ndiye atakayekufundisha kipimo hicho. Yeye amewaona walioumwa na nyoka wengi kuliko maprofesa wako wote.

Dawa yenyewe je? Utafiti uliochapishwa mwaka wa 2008 ulieleza yaliyotokea katika hospitali moja ya mashambani nchini Ghana. Dawa iliyozoeleka iliondolewa, ikaletwa nyingine. Vifo miongoni mwa walioumwa na nyoka vilipanda kutoka asilimia 1.8 hadi asilimia 12.1. Chupa zilikuwapo ghalani na wauguzi walikuwapo wodini, lakini dawa ile mpya haikuweza kuishinda sumu ya nyoka wa huko. Aidha, mwaka wa 2014 kampuni moja ya Ufaransa iliacha kabisa kutengeneza dawa iliyotegemewa sana barani, na akiba ya mwisho ilipitwa na muda mwaka wa 2016. Mwaka wa 2017 Shirika la Afya Duniani liliweka kuumwa na nyoka katika orodha ya maradhi ya nchi za joto yaliyosahauliwa.

Tazama basi, msomaji. Daktari bingwa akifika kutoka London au Nairobi na mikono ya dhahabu, hawezi kumwokoa mkulima yule iwapo ghala lina dawa isiyofaa. Lakini mtu anayeweka daftari la kila aliyeumwa, akaandika alipewa dawa gani na akaishia vipi, huyo ndiye hugundua kwamba kuna kasoro. Kazi hiyo haina picha ya kupendeza ya kutuma kanisani, lakini ndiyo iokoayo watu baada ya mgeni kuondoka.

Jambo la pili ni ulimi. Watu wa Nalerigu husema Kimampruli, na wewe hutakijua. Kila utakalosema litapitia kwa mkalimani, mara nyingi muuguzi au msaidizi wa wodi. Ukiwa na haraka, au ukimfokea, maneno yako yatafika kwa mgonjwa yakiwa nusu. Na kuna siku neno lako litakuwa na uzito kuliko dawa yako. Hapo Gambaga, jirani tu, pana makao ya wanawake, wengi wao wakongwe, waliofukuzwa vijijini mwao kwa kushukiwa uchawi. Mara nyingi tuhuma huanza mtoto anapokufa ghafla na hakuna aliyeeleza sababu. Sisi Wakenya hatuna haki ya kuwacheka, kwa maana wazee wa Kilifi na Kisii wameuawa kwa tuhuma hizo hizo. Basi daktari anayeketi na baba wa marehemu dakika 15, akamweleza kupitia mkalimani kwamba mtoto aliuawa na malaria iliyopanda kichwani na wala si na nyanya yake, huenda akawa ameokoa maisha ya bibi kizee ambaye hatamwona kamwe.

Tatu ni imani yenyewe. Wamamprusi wengi ni Waislamu au wafuasi wa dini za jadi, na Wakristo ni wachache. Kwenda huko kama daktari Mkristo hakumaanishi kuifanya dawa kuwa chambo. Mgonjwa aliyelala kifudifudi kwa maumivu hana nafasi ya kukataa mahubiri, na kwa hiyo si haki kumlazimisha ayasikie. Ukiombwa kuomba pamoja naye, omba. Usipoombwa, funga kidonda chake vizuri na umsalimu jamaa yake kwa heshima. Watu wa huko ni mahodari wa kusoma matendo.

Pengine utauliza, je, si bora mtu akae huko maisha yake yote? Wapo waliofanya hivyo. Ken Elliott, daktari wa Australia, alifika pamoja na mkewe Jocelyn katika mji wa Djibo, kaskazini mwa Burkina Faso, mwaka wa 1972, wakaanzisha zahanati iliyokua ikawa hospitali. Kwa zaidi ya miaka 40 alipasua na kushona watu wa eneo pana ambalo halikuwa na daktari mwingine wa upasuaji. Januari 2016 wote wawili walitekwa nyara. Mkewe aliachiliwa mwezi uliofuata, lakini yeye alishikwa zaidi ya miaka saba, hadi Mei 2023, akiwa na umri wa miaka 88. Wakazi wa Djibo, Waislamu kwa Wakristo, walipaza sauti wakidai mzee wao arudishwe. Upendo huo haununuliwi. Hata hivyo, kisa hicho kinatuonyesha jambo jingine lenye uchungu. Pale uponyaji wa watu wengi unapokaa katika mikono ya mtu mmoja, mtu huyo akiondolewa, wagonjwa hubaki yatima.

Ndiyo sababu mafunzo ni sadaka kubwa kuliko upasuaji. Hapa kwetu tunayo mifano. Hospitali ya Tenwek kule Bomet ilianza kama zahanati ya wamishenari miaka ya 1930, na Kijabe ilianza mapema zaidi. Leo zote mbili hufundisha madaktari wa upasuaji kutoka nchi mbalimbali za Afrika. Aliyefundishwa hapo akirudi kwao, hahitaji mkalimani wala tiketi ya kurudi.

Mkenya ana faida ambayo Mzungu hana. Malaria anaijua tangu utotoni. Kenya, Ghana na Malawi ndizo nchi tatu zilizoanza kuwapa watoto chanjo ya kwanza ya malaria mwaka wa 2019, na kwa hiyo daktari wa Siaya na yule wa Nalerigu wana mengi ya kuulizana. Anajua pia kufanya kazi umeme ukipotea na glavu zikipungua. Lakini faida hiyo isimtie kiburi. Ghana ina sheria zake, na ni lazima daktari mgeni asajiliwe kwa muda na baraza la madaktari la nchi hiyo kabla ya kumgusa mgonjwa. Aidha, aulize kwanza hali ya usalama, kwa sababu maeneo ya karibu na mpaka wa Burkina Faso si tulivu kama zamani.

Ukiamua kwenda, nakushauri hivi. Andika barua kwanza uwaulize wenyeji wanahitaji nini, wala usiwapangie. Kama wanasema wanahitaji mtu wa kufundisha wauguzi kutumia mashine ya kupiga picha tumboni, usiende na sindano za kukata ngiri. Kaa miezi kadhaa ikiwezekana, kwa sababu majuma mawili huisha kabla hujajua choo kiko wapi. Fanya kazi chini ya daktari wa Ghana, hata kama umemzidi umri. Kila unapoingia chumba cha upasuaji, awepo mwenyeji mkabala nawe anayeshika kisu leo ukimwongoza, ili kesho akishike peke yake. Na mwezi wako wa mwisho, usipasue mtu ambaye hakuna atakayemwangalia kidonda baada yako.

Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Walikusudia mwenyeji apone kweli, na aendelee kuwa mzima hata baada ya mgeni kupanda basi la Tamale.