Rangi ya Kulanti si Kipimo

Kila niliegeshapo lori langu kuukuu la dizeli kambini, huulizwa: "Afande, watia kulanti ya kijani ama nyekundu?" Rangi ni hiari ya mtengenezaji tu. Mimi husoma kitabu cha gari, kisha maandishi ya chupa. Sharti ifae dizeli nzito. Injini yenye slivu zinazozungukwa na maji hutikisika, na mtikisiko huo huzaa mapovu yatoboayo chuma polepole. Dawa iliyomo katika kulanti ndiyo kinga yake. Tena sichanganyi aina mbili.

Wako wasemao kwamba barabara za Uganda hazina barafu, basi maji ya kisima yatosha. Hayatoshi. Chumvi yake huganda ndani ya rejeta mfano wa ukoko, na huko Kabale, karibu mita 2,000 juu ya bahari, kizibo kikilegea maji matupu hutokota kwenye nyuzi 93 hivi. Nusu kulanti, nusu maji yaliyokenekwa, hustahimili zaidi.

Kusafisha si kazi ngumu. Injini ikiisha kupoa kabisa, hufungua kizibo, humwaga, hutia maji safi, huiwasha hadi termostati ifunguke, huiacha ipoe, humwaga tena. Hurudia mpaka yatoke safi.

Lakini, akina mama, yaliyomwagwa yana utamu, nayo ni sumu iuayo figo. Mtoto akiyaonja, apelekwe hospitali papo hapo, hata akionekana mzima. Mimi huyakinga kwa beseni, huyatia katika debe lenye kifuniko lililoandikwa SUMU, na beseni hilo halirudi jikoni kamwe.