Mtembelee Kabla Pua Haijapona

Katika kazi yangu ya uuguzi nimeona kwamba mgonjwa anayejengewa pua hutuhitaji zaidi siku zile anapotisha kumtazama.

Pua yaweza kuliwa na saratani ya ngozi, kuungua au kukatika katika ajali. Daktari wa upasuaji huweza kuijenga upya kwa ngozi ya paji la uso, kwa kuwa inafanana na ya pua. Kipande hicho hakitengwi kabisa. Huachwa kimeshika karibu na nyusi, penye mshipa wa damu unaokilisha, kama embe kwenye kikonyo, kisha hugeuzwa na kushonwa puani. Wahindi waliujua upasuaji huu karne nyingi zilizopita. Mwaka 1794 gazeti moja la London lilieleza habari zake, na mwaka 1814 daktari Joseph Carpue akaufanya mjini humo.

Baada ya majuma 3 hivi, ngozi ikiwa imeshika na kupata damu mahali pake papya, daktari hukata kikonyo. Lakini katika kungoja huko, mgonjwa hukaa na mkunjo wa nyama kutoka kwenye nyusi hadi puani.

Namkumbuka mama mmoja aliyejitazama katika kioo akalia, akisema heri angebaki na tundu lake. Mumewe alikuja mara moja, hakurudi tena wodini. Mwanakwaya mwenzake ndiye aliyekuja kila mchana na uji, wakaongea huku akimtazama usoni bila kukwepesha macho. Mama yule alikuwa ameazimia kutoroka. Hakutoroka. Alifanyiwa upasuaji wa pili, na kovu lake analo, lakini anaimba.

Ukimuuguza mgonjwa wa namna hii, usimfunge kilemba cha kubana paji. Akivuta sigara, aache, maana tumbaku hubana mishipa ya damu. Ngozi ile ikigeuka bluu au nyeusi, au damu isipokoma, mrudishe hospitali upesi. Na mwenye kidonda cha pua kisichopona asikae akipaka dawa za mtaani, akapimwe mapema.

Bwana Yesu hakuona kinyaa kuwagusa wenye ukoma. Basi tunapopanga zamu za kutembelea wagonjwa, tusingoje bandeji zitolewe.