Pwani wakati wa masika: tuende Pasaka ao tungoje Julai?



Katika mkutano wa siku ya posho iliyopita, kikundi chetu kiliulizwa swali moja. Feza yenye tunaweka katika kasha ya safari, dola 30 kila mwezi kwa kila mama, itumike tena wakati wa likizo ya Pasaka kama mwaka huu, ao tungoje likizo kubwa ya Julai na Agosti? Wako wanaosema kwamba kwenda Zanzibar mwezi wa nne ni kutupa feza katika maji, sababu kule mvua inanyesha. Sisi wanane tuliokwenda, walimu wanne na wamama wanne wa soko ya Kenya, tumeombwa tueleze hapa mambo tuliyoyaona, ili kila mama apige kura akijua.

Tuanze na majira, kwa maana shida yote inatoka hapo. Kwetu Lubumbashi mvua inaelekea kukatika mwezi wa nne. Pasaka inapofika, mahindi yanakauka mashambani, na tunaanza kutafuta majaketi ya watoto juu ya baridi ya mwezi wa sita. Kule pwani, mwezi huohuo ndio katikati ya masika, mvua kubwa ya mwaka, inayoanza Machi na kwisha Mei. Wenyeji wanaieleza kwa pepo. Tangu Desemba upepo wa kaskazi unavuma, joto linakuwa kali na bahari inatulia. Kisha upepo unageuka, unakuja kusi kutoka upande wa kusini. Masika inanyesha wakati wa kugeuka huko. Kwa hiyo mama anayetoka huku Pasaka anaacha mwisho wa mvua moja na kuingia katikati ya nyingine.

Wenye hoteli wanaita miezi hiyo msimu wa chini. Wageni wa Ulaya wanapungua, bei ya vyumba inashuka, na hoteli nyingi kubwa zinafunga milango mwezi wa nne na wa tano ili kutengeneza majengo. Ni juu ya bei hiyo tulichagua Pasaka. Mwalimu hana nafasi nyingi za kutoka katikati ya mwaka wa masomo, na mama wa soko anajua kwamba dola inayobaki kwa chumba inaweza kununua mali Kariakoo.

Njia mnaijua. Kasumbalesa, kisha Zambia yote mpaka Nakonde, kuvuka Tunduma, halafu Mbeya, Iringa, Morogoro na Dar es Salaam. Ni karibu kilometa 2,000, na ndiyo njia ya malori yanayobeba shaba yetu kwenda bandarini. Wengi kati yetu tuna mume, kaka ao mtoto anayeijua kuliko anavyojua mtaa wake. Mvua inafanya safari kuwa ndefu zaidi, na mama mwenye miguu inayovimba ajiandae. Kutoka Dar boti inatumia kama saa mbili mpaka Unguja.

Watu wanaogopa boti hiyo, na kuogopa si ujinga. Mwezi wa tano mwaka 2024, kimbunga Hidaya kilipokaribia pwani ya Tanzania, boti za Dar na Zanzibar zilisimamishwa. Lakini msidhani Julai bahari inalala. Tarehe 18 Julai 2012, meli MV Skagit ilizama karibu na kisiwa cha Chumbe ikitoka Dar, siku yenye upepo mkali, na watu wengi walikufa. Kusi inavuma kwa nguvu katika miezi ileile ya bei kubwa. Kila msimu unahitaji kusikiliza matangazo ya hali ya hewa, na kuweka siku mbili za akiba katika hesabu, ili mtu asilazimishwe na tiketi kupanda boti siku mbaya.

Tulilala Jambiani, kijiji kirefu cha pwani ya kusini-mashariki, zaidi ya kilometa 50 kutoka mjini. Je, mvua ilinyesha? Ndiyo, na si kidogo. Usiku ilipiga mabati hata hatukusikiana kwa maneno. Siku mbili haikukatika tangu asubuhi mpaka jioni. Siku zingine ilimwagika saa moja ao mbili, kisha jua likatoka kali na mchanga ukakauka upesi. Nguo hazikukauka vizuri, na mbu walikuwa wengi. Mwenye kutaka siku saba za jua asidanganywe na bei.

Jambo lingine lililotushangaza halina uhusiano na mvua. Pale Jambiani bahari inakwenda na kurudi. Maji yakitoka, yanakimbia mbali sana kuelekea mwamba ambapo mawimbi yanavunjika, na mahali pa kuogelea panakuwa uwanja wa mchanga, majani na vidimbwi. Mwezi mpya na mwezi mpevu vinaleta maji ya bamvua, yanayojaa sana na kutoka sana. Katikati yake yako maji mafu, yasiyosogea sana. Kwa hiyo mama anayepeleka watoto aulize wenyeji maji yanajaa saa ngapi, na asiwaruhusu kutembea mbali wakati yanapokupwa, sababu yanarudi kwa haraka kuliko mtoto anavyofikiri. Tena saa ya kule imetangulia yetu kwa saa moja.

Katika uwanja huo, maji yanapotoka, utaona wamama wameinama, nguo zimelowa mpaka kiunoni. Wanalima mwani. Kilimo hicho cha biashara kilianza pwani hiyo, Paje na Jambiani, mwaka 1989, na mpaka leo wengi wanaokifanya ni wanawake. Wanapiga vijiti katika mchanga, wanafunga kamba kati yake, na juu ya kamba wanafunga vipande vya mwani kimoja kimoja. Baada ya wiki sita hivi wanavuna, wanaanika juani, kisha wanauza kwa kilo. Mwani huo unakwenda ng'ambo, na ute wake unaingia katika vyakula na dawa ya meno.

Siku ya tatu tulikuwa tukitembea kijijini wingu likatanda. Mama mmoja mzee akatoka mbio na turubai, wajukuu wawili nyuma yake, kufunika mwani uliokuwa umeanikwa mbele ya nyumba. Tulimsaidia kubeba. Tulipokwisha, tukakaa naye barazani na mvua ikimwagika. Sisi tulimwambia "Jambo, mama", na wajukuu wakacheka, kwa kuwa kule mtu mzima anaamkiwa "Shikamoo", naye anajibu "Marahaba". Tulimwamkia upya, akafurahi.

Alitueleza kwa maneno machache. Mwani ukinyeshewa wakati wa kuukausha unaharibika: chumvi inatoka, rangi inapotea, unaanza kuoza, na mnunuzi anaukataa ao anatoa bei ndogo. Mvua ikizidi hata baharini, maji yanapungua chumvi na mimea inalegea. Mtoto wake wa kike anapika katika hoteli iliyofungwa. Alirudi nyumbani kungoja Juni. "Masika haya," alisema, "mwani haukauki na hoteli haiiti. Lakini muhogo wangu unaota." Akatuonyesha nyuma ya nyumba shamba dogo katikati ya mawe ya matumbawe, muhogo na kunde vikiwa kijani.

Neno hilo tulilizungumza usiku mzima. Msimu wa chini ni jina la wenye hoteli. Kwa mama yule mwezi wa nne ni mwezi wa kupanda, na pia ni mwezi wa mfuko mtupu. Sisi tunaujua mwezi wa namna hiyo. Kwetu unakuja mwezi wa kwanza na wa pili, wakati mahindi mapya bado na ya zamani yamekwisha, makala imelowa na bei yake inapanda, na mshahara umechelewa. Mtu akikuta soko yetu katika miezi hiyo anaweza kupata kitenge kwa bei ndogo kabisa, sababu muuzaji anatafuta bukari ya jioni. Bei ile haisemi kwamba kitenge ni kibaya. Inasema kwamba nyumbani kwa muuzaji kuna njaa.

Kwa hiyo tulipatana sheria ndogo kati yetu. Bei ya chumba tutaijadili bila haya, maana mwenye chumba naye ameipunguza kwa hesabu zake. Lakini kitu kinachotoka mkononi mwa mama, samaki, mkate wa kumimina, sabuni ya mwani, mkeka, tutakinunua kwa bei anayoitaja. Tena tulipikiwa na wamama wa kijiji badala ya kula hotelini. Ilitugharimu kidogo, na feza ilibaki pale pale. Ndipo tulijua kwamba sombe yetu wao wanaiita kisamvu na wanaitia nazi. Waliposema "leta mbuzi", tulitazama mlangoni tukingoja mnyama, kumbe ni kibao chenye chuma cha kukunia nazi!

Siku za mvua isiyokatika tulizitumia mjini. Mji Mkongwe umeandikwa na UNESCO katika urithi wa dunia tangu mwaka 2000. Barabara zake ni nyembamba, na mtu anaweza kuruka kutoka baraza moja mpaka nyingine bila kulowa sana. Tulikwenda Mkunazini, kwenye kanisa kuu la Anglikana, lililojengwa mahali pa soko ya watumwa iliyofungwa mwaka 1873. Nje kuna sanamu za watu wamesimama katika shimo, minyororo shingoni. Hakukuwa na msururu wa wageni nyuma yetu wa kutuharakisha, tukasimama muda mrefu. Misafara ya wafanyabiashara wa pwani ilifika mpaka Maniema, na mpaka Bunkeya kwa M'siri, kutafuta pembe, shaba na watu. Kiswahili chetu kilisafiri katika njia hizo. Mwalimu wa historia kati yetu alisema kwamba amefundisha somo hilo miaka tisa, lakini sasa atalifundisha namna nyingine.

Sasa tuje kwenye kura. Julai na Agosti ni kukavu, hewa ni ya kupendeza, mwani unakauka na hoteli zimefunguliwa. Lakini bei iko juu, nafasi ni chache, na upepo wa baharini una nguvu. Kwa feza yetu ya mwaka mmoja, wenye kuweza kwenda Julai watakuwa wachache, pengine watatu ao wanne, na wengine watangoje zamu. Pasaka tunaweza kwenda wanane, hata kumi. Sisi tunasema Pasaka, kwa masharti haya.

Kwanza, tusiwaahidi watoto jua. Tuwaahidi bahari, na tuwaambie mapema kuhusu mvua. Mwenye mtoto mchanga ao mgonjwa wa kifua angoje likizo kubwa.

Pili, karatasi. Pasipoti, na kitabu cha manjano cha chanjo ya homa ya manjano, kinachoombwa kwa wasafiri wanaotoka kwetu. Zanzibar inataka pia bima yake ya safari kwa wageni wanaotoka nje ya Tanzania. Utaratibu huo ulianza tarehe 1 Oktoba 2024. Bei yake kwa raia wa Kongo iulizwe kabla kasha haijafunguliwa, isije ikatushtua bandarini.

Tatu, mfuko. Chandarua, viatu vya plastiki vya kutembea juu ya matumbawe, nguo nyepesi zinazokauka upesi, na kitenge cha kujifunika vizuri mjini na vijijini, sababu ni mji wa Waislamu na wamama wa pale wanatuheshimu tukijiheshimu. Maji ya kunywa yachemshwe ao yanunuliwe, hasa mvua inapofurika. Mali ya Kariakoo inunuliwe wakati wa kurudi, ifungwe katika plastiki mbili.

Nne, kila mama aweke pembeni dola chache zisizo za mali wala za chumba, za kununua kwa wamama wa kijiji bila kukata bei. Tunaomba jambo hili liandikwe katika hesabu ya kasha, lisibaki katika moyo wa mtu tu. Katika masika, dola tano za mgeni mmoja zinaweza kusaidia nyumba kupata chakula.

Mkutano ni siku ya posho, mahali petu pa kila juma. Mwenye swali alilete, na mwenye kutaka Julai alete hesabu yake tuisome pamoja. Sabuni za mwani tulizonunua zitakuwa mezani. Mzione na kuzinusa, na mwenye kuhitaji atapata kwa bei tuliyolipa.