Mlima Hautoroki
Mimi ni mzaliwa wa Garissa, kwenye joto, ambako mto Tana ndio uhai wetu. Mwaka mmoja nilikata shauri kuupanda Mlima Kenya, unakotoka sehemu ya maji yake.

Tulianzia lango la Sirimon. Usiku wa pili, katika kambi ya Shipton's, mita 4,200, kichwa kiliniuma kama cha kupasuka. Niliona haya, nikanyamaza. Kijana aliyetuongoza akanitazama.

"Mzee, umetapika?"

Nikakiri.

"Basi tunateremka sasa hivi. Mlima hautoroki."

Kilele cha Lenana, mita 4,985, sikukikanyaga. Nyumbani mwanangu aliniuliza, "Baba, ulifika juu?" Nusura nidanganye.

"Sikufika," nikamwambia, "lakini nimerudi."

Msomaji, afadhali aibu ya kurudi kuliko matanga.