Vumbi la Geita na Beseni la Msafiri

Ukipewa safari ya kikazi ya majuma matatu, kutoka Shinyanga kupitia Kahama hadi Geita, usibebe sanduku zito. Jozi tatu za nguo zatosha, maadamu utafua kila jioni.

Wakati wa kiangazi vumbi la huko ni jekundu, nalo hung'ang'ania. Likung'ute nguo ingali kavu; ukitia maji kwanza, umejifanyia tope. Shati na soksi zifue mwenyewe kwa kipande cha sabuni ya mche, baada ya kumwomba mwenye nyumba ya wageni beseni na nafasi kwenye kamba. Zikamue, uzisokote ndani ya taulo kavu, kisha ulikanyage, alfajiri zitavalika. (Soksi usiziahirishe, hasa ukilala chumba kimoja na mwenzako.) Suruali nzito mpe dobi, mkiisha kupatana bei ya kila nguo. Tangu 2009 maji ya Ziwa Viktoria hufika Kahama na Shinyanga kwa bomba kutoka Ihelele, nayo hutoa povu upesi kuliko maji ya chumvi ya visimani.

Lakini kama ulitembelea mahali wachimbaji wadogo wakamatiapo dhahabu kwa zebaki, nguo hizo zitenge, uzifue peke yake. Usimpe dobi bila kumwambia, wala usizipige pasi zikiwa chafu, kwani joto hugeuza zebaki kuwa mvuke wenye sumu. Wala usizirudishe nyumbani zikalowekwa pamoja na nepi za mtoto.