Wosia kwa Mjukuu Wangu Anayekuza Kope

Bugwema, Musoma

Mjukuu wangu,

Mama yako ameniambia unapaka dawa ya kujaza kope, uliyopewa na rafiki yako huko Mwanza. Sikukatazi kujipamba. Hata sisi tulipaka wanja, na binti wa Bugwema ana haki ya kupendeza popote aendako. Ila kabla sijaondoka duniani nina neno, maana dawa hiyo ni ya jamii moja na matone ninayotia machoni kila usiku.

Inaitwa bimatoprosti. Huko Marekani iliruhusiwa mwaka 2001 kutibu presha ya macho, yaani glakoma. Wagonjwa wakaanza kuota kope ndefu, nene na nyeusi zaidi, na mwaka 2008 ikaruhusiwa huko kwa wenye kope haba. Ni dawa ya cheti cha daktari. Haidondoshwi jichoni. Hupakwa mara moja usiku kwenye ngozi, pale zinapoota kope za juu, na kila jicho lina kibrashi chake kipya. Kazi yake yote huonekana baada ya miezi kama minne, na ukiiacha, kope hurudi zilivyokuwa. Macho yanaweza kuwasha na kuwa mekundu, ngozi ya hapo ikawa nyeusi zaidi, wengine macho yakaonekana yametumbukia. Rangi ya jicho lenyewe nayo inaweza kukolea, na hiyo ikishakolea haiondoki.

Kwa hiyo kichupa cha watu kirudishe, mwanangu. Kibrashi kilichogusa jicho la mwingine huweza kubeba ugonjwa. Kama bado unazitaka hizo kope, mwone daktari wa macho akupime na kukuandikia dawa yako mwenyewe, na kama una mimba mwambie kabla hajaandika.

Tena kope si pambo tu. Wazee wenye trakoma, ugonjwa wa macho, wale ambao kope zimewageukia ndani, huzing'oa kwa kibano ili zisiwakwaruze jicho. Lakini zikikaa sawa, kwangu kope ni kitu cha kuheshimu, maana ndizo zinazotukinga na vumbi la mashambani hapa.

Lakini kinachonikosesha usingizi ni presha ya macho, maana hutembea katika ukoo. Mara nyingi haiumi. Huanza kula uoni wa pembeni polepole, na mtu hushtuka akiwa amechelewa. Nuru iliyopotea hairudi. Matone yangu yanalinda ile iliyobaki tu.

Nimemwachia mama yako fedha za mbuzi wawili. Si za sherehe. Ni nauli yako na ya wadogo zako, na gharama za kupima presha ya macho, hata kama mnaona vizuri. Mkifika, mtajie daktari dawa uliyopaka, kwa kuwa inaweza kushusha presha ya jicho na kipimo kikaonekana salama kumbe sivyo. Mama yako naye aende nanyi, asisingizie kazi za shamba.

Bibi yako